Sanduku la Kioo la Mikindani: Nini Kiliwala Wapanda Farasi wa Kirumi?

"Shikamoo mwalimu. Wale farasi wa babu wameota unga mweupe. Jamaa wa vyuma chakavu yupo hapa mlangoni, ameshawapima, kilo moja na robo. Nimpe?"

Simu hiyo ilinikuta sokoni Mtwara, Jumamosi ya mwisho wa Oktoba, malori ya korosho yakipishana barabarani. Nilimwambia kijana mambo matatu: usimpe, usiupulize huo unga, kanawe mikono kwa sabuni. Nikapanda bodaboda kwenda Mikindani, kilomita kama 10, na njia nzima nilikuwa nikifikiria ile kilo na robo. Miaka 50 ya mapenzi ya mtu mmoja imewekwa kwenye mizani ya mkono, na anayeinunua atamuuzia mvuvi, naye mvuvi ataiyeyusha kwenye kopo juu ya mkaa atengeneze chubwi za nyavu. Farasi wenyewe ni vinyago vya risasi, ile metali laini ya kijivu, nayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 327. Moto wa mkaa unafika hapo bila taabu.

Ninaandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu karibu kila mtu aliyekiona, mimi nikiwemo, alikosea kukijua chanzo chake. Tena yawezekana wapo wengine pwani hii wenye vinyago vya risasi, medali au vitu vingine vya risasi vilivyofungiwa vizuri kabatini, wakidhani vimesalimika.

Mwenye vinyago ni mzee aliyekuwa baharia. Miaka ya 1970 alifanya kazi kwenye meli za mizigo, na meli yake ilikuwa ikitia nanga Southampton. Mji huo ndio uliokuwa na Miniature Figurines, kampuni aliyoianzisha Neville Dickinson, moja ya zile zilizovifanya vinyago vya chuma vya vita kuwa kitu ambacho hata baharia angeweza kukinunua kwa akiba ya wiki. Kila meli ilipofika, mzee alinunua wachache: wapanda farasi wa Kirumi wa milimita 25, yaani mtu akisimama kutoka unyayo hadi machoni ni kama upana wa vidole viwili. Aliwapaka rangi za Humbrol ndani ya kibanda chake melini, usiku, kwa brashi yenye unywele mmoja mmoja. Aliporudi Mikindani alikuja nao 41.

Mimi alinifundisha mchezo wenyewe, wa kupigana vita mezani kwa vinyago, nikiwa bado mwanafunzi wa sekondari: meza, dadu, rula, na kanuni za Wargames Research Group, kikundi cha Uingereza kilichotoa toleo lake la kwanza la kanuni za vita vya kale mwaka 1969. Katika kanuni hizo kinyago kimoja huhesabiwa kuwa watu 20. Kwa hiyo vinyago 24, vitatu vitatu juu ya kibao cha milimita 60 kwa 40, ni wapanda farasi 480, karibu kabisa na kikosi ambacho Warumi walikiita ala: vikosi vidogo 16 vya watu wapatao 30 kila kimoja. Mzee alichagua idadi hiyo kwa makusudi. Alikuwa na ala moja kamili. Wale 17 waliobaki walikuwa "askari wa akiba", wamekaa kwenye kopo la biskuti, wengi hawajapakwa rangi.

Hii habari ya kopo iwekeni akilini.

Nilichokikuta

Miaka minne kabla, fundi seremala jirani yake alimtengenezea mzee sanduku la kuonyeshea ile ala. Lilikuwa zuri mno. Fremu ya mbao mpya ya mninga, sakafu ya plaiwudi, mbele kioo, na ukingo wote wa kioo umezibwa kwa silikoni ili upepo wa bahari usipenye hata kidogo. Vile vibao vinane vilibandikwa sakafuni kwa gundi nyeupe ya mbao. Siku ya kulitundika ukutani nilikuwepo, tukanywa kahawa, nikamsifu fundi kwa jinsi alivyolizima pumzi. Nilisema kwa mdomo wangu: "Sasa chumvi haitawapata."

Macho ya mzee yamepungua sana tangu hapo. Ndiyo maana hakuona kitu. Kila asubuhi alikuwa akipitisha mkono juu ya kioo, anajua wako, inatosha.

Nilipofika, jamaa wa vyuma chakavu alikuwa ameketi kivulini na gunia lake. Nilimwamkia, nikamwomba radhi kwa kumpotezea muda, akaondoka bila ugomvi. Vinyago vilikuwa juu ya gazeti sebuleni. Wale 24 wa kwenye sanduku walikuwa katika hali tatu. Tisa walikuwa wazima juu, lakini ukiwageuza, nyayo za farasi na kitako vimefunikwa na unga mweupe kama wa muhogo. Tisa wengine walikuwa na mapele meupe yanayopasua rangi kutokea ndani, wengine wamepoteza mguu mmoja wa farasi au ncha ya mkuki. Sita walikuwa wamekwisha. Ukimshika mmoja anabaki kama mkate mkavu wa juzi, anameguka.

Wale 17 wa kwenye kopo? Kijivu. Kijivu cha kufifia, bila unga wowote. Na 11 kati yao hawakuwahi kuguswa na rangi tangu walipotoka kiwandani.

Kuna jambo moja niligundua nikiwa bado nimechuchumaa pale. Watatu katika wale 24 waling'aa ajabu, kama shaba ya arusi, na juu ya mng'ao huo unga ulikuwa umerudi tena, mwepesi. Mama wa yule kijana alikiri: wiki mbili nyuma aliona weupe, akawasugua kwa ndimu kama anavyosugua sinia zake. Alifanya kwa nia njema, na kwa shaba ndimu au ukwaju ni dawa ya miaka yote. Kwa risasi ni sumu juu ya sumu. Kwa nini, nitafika huko.

"Ni chumvi tu, mwalimu"

Kila mtu pale alikuwa na jibu lile lile. Nyumba iko hatua chache kutoka ghubani, mabati yanaoza, bawaba zinaoza, baiskeli zinaoza. Lazima na farasi waoze.

Jibu hili lina uzito, sikulitupa. Lakini liliangushwa na mambo mawili, la kwanza akalileta mzee mwenyewe bila kujua. Aliniambia, "Hata hizi chubwi zinatoka baharini zikiwa nzima, iweje askari wangu wafe ukutani?" Nilinyamaza. Kweli kabisa. Mvuvi wa Msangamkuu anaweka risasi ile ile ndani ya maji ya chumvi mwaka hadi mwaka, inafanya utando wa kijivu, inatulia. Inapotea kwa kukatika kwenye mwamba, si kwa kugeuka unga. Chumvi inaila chuma, inaila bati la paa. Risasi inaishi nayo.

La pili ni kopo. Lilikuwa chini ya kitanda, dirishani, upande wa bahari, na mfuniko wake haukazi vizuri. Ikiwa mhalifu ni upepo wa bahari, wale wa kopo ndio wangekufa kwanza, tena uchi, bila rangi ya kuwakinga. Sanduku liliziba upepo, likaoza. Kopo liliacha upepo upite, likapona.

Ilibaki shaka moja ya haki: labda chuma chenyewe si kimoja. Vinyago vya zamani vilimwagwa kwa mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni kidogo, na vipimo vya mchanganyiko vilibadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda. Pengine wale wa sanduku walikuwa na risasi nyingi zaidi. Bahati nzuri, mzee alikuwa na vinyago vya aina moja pande zote mbili: mpanda farasi yule yule, mkono ule ule umeinua mkuki, mstari ule ule wa kalibu kwenye shingo ya farasi. Nikachukua mmoja mzima kutoka kila upande nikaenda kwa sonara sokoni Mtwara, mwenye mizani inayosoma gramu kwa desimali.

Kipimo ni kile cha Arkimedi. Unampima hewani, kisha unamning'iniza kwa uzi ndani ya maji unampima tena. Wa kwenye kopo alisoma gramu 29.6 hewani na 26.5 majini. Amepoteza 3.1. Gawanya 29.6 kwa 3.1, unapata uzani wa karibu gramu 9.5 kwa kila sentimita ya ujazo. Risasi tupu ni 11.3, bati tupu ni 7.3. Kwa hesabu ya haraka, ukiiweka pembeni ile antimoni, huyu ni kama theluthi mbili risasi. Wa sandukuni, yule aliyeathirika kidogo kuliko wote, akatoka karibu sawasawa naye. Chuma ni kimoja. Sonara hakunitoza kitu. Alitaka tu kujua kwa nini farasi hana pa kukanyagia.

(Nikamweleza: vikuku vya kukanyagia vilifika Ulaya karne ya 6 au ya 7, baada ya askari hawa kupita zamani. Mpanda farasi wa Kirumi alishikwa na seruji yenyewe, yenye pembe nne zilizobana mapaja. Nitairudia seruji hiyo, maana ina neno.)

Harufu

Kilichofumbua kisa ni pua. Nilirudi Mikindani, nikafungua kioo cha lile sanduku tupu, kilichokuwa kimefungwa tena, nikaingiza kichwa ndani. Kulikuwa na uchachu. Hafifu, kama chupa ya siki iliyokwisha.

Mbao hutoa mvuke wa asidi. Zote hutoa, nyingine kidogo, nyingine sana, na mbao mpya hutoa kuliko kuukuu. Asidi kubwa katika mvuke huo ni ile ile ya siki, asidi asetiki. Plaiwudi huongeza mvuke wa gundi zake. Gundi nyeupe ya mbao nayo hutoa asidi hiyo hiyo. Na silikoni ya kuzibia vioo, ile ya kawaida inayonuka siki ukiifungua, inanuka hivyo kwa sababu inapokauka inatoa asidi asetiki kweli kweli. Kwa hiyo ndani ya sanduku moja tulikuwa na vyanzo vinne, na hatukuacha hata tundu la sindano la kutokea.

Kinachofuata ni kemia ninayoifundisha kila mwaka, lakini sikuwahi kuiona ikiwa na uso wa kinyago ninachokijua. Mvuke wa siki, pamoja na unyevu na oksijeni, unaila risasi na kuwa asetati ya risasi. Hewa ukaa inaikuta asetati hiyo na kuigeuza kaboneti nyeupe, ule unga. Na hapo ndipo penye ubaya wote: katika kugeuka huko, asidi inaachiliwa tena. Haitumiki ikaisha. Inarudi kwenye risasi, inakula tena. Kiasi kidogo cha asidi kwenye chumba kilichozibwa kinaweza kufanya kazi miaka. Unyevu wetu wa pwani, ambao haupungui sana hata kusi inapovuma, unaisaidia, lakini haukuianzisha.

Ndimu nayo sasa imeeleweka. Ni asidi. Mama yule aliondoa unga wa juu, akaacha chuma kikiwa uchi na kimelowa asidi nyingine.

Warumi wenyewe waliijua kazi hii vizuri kabisa. Vitruvius, mjenzi aliyeandika katika karne ya 1 K.K., anaeleza jinsi watu wa kisiwa cha Rhodes walivyotengeneza rangi nyeupe: wanapanga vijiti ndani ya mtungi mkubwa, wanamimina siki, wanaweka vipande vya risasi juu ya vijiti, kisha wanafunika mtungi mvuke usitoke. Baada ya muda wanafungua, risasi imekuwa cerussa, unga mweupe. Soma tena orodha hiyo. Mbao, siki, risasi, kifuniko. Tuliijenga karakana ya Rhodes kwenye ukuta wa sebule ya Mikindani, tukawaweka ndani wapanda farasi wa Kirumi.

Sikutaka kumbebesha mtu lawama kwa harufu tu, kwa hiyo nilifanya jaribio. Mwaka 1973 Andrew Oddy wa British Museum alibuni njia rahisi ya kupima vifaa vya kabati za makumbusho: unafunga kipande cha kifaa hicho ndani ya chupa pamoja na kipande safi cha chuma na maji kidogo, unakiweka kwenye nyuzi joto 60 kwa siku 28, kisha unakitazama chuma. Risasi ndiyo shahidi wa asidi za mbao. Mimi sina tanuri la namna hiyo. Nilichukua chubwi mpya tatu, nikazikwangua zikang'aa, nikazifunga kwenye mitungi mitatu ya jamu chini ya bati la stoo, panapochemka mchana. Mtungi wa kwanza, pamba iliyolowa maji tu. Wa pili, pamba iliyolowa maji ya bahari ya ghuba ya Mikindani. Wa tatu, pamba ya maji na kipande cha plaiwudi cha sanduku chenye mabaki ya gundi.

Baada ya siku 28: wa kwanza kijivu. Wa pili kijivu zaidi, na madoa. Wa tatu mweupe.

Kumwambia fundi

Sehemu hii ilinikosesha usingizi kuliko kemia. Fundi ni mtu wa miaka 60 na ushei, alitengeneza sanduku lile bure, kwa heshima ya mzee aliyemlipia ada mwanawe wa kwanza. Ningeweza kunyamaza. Mzee mwenyewe aliniambia ninyamaze: "Mwache, alinipenda." Lakini fundi huyo huyo anatengeneza makabati ya vioo ya kuwekea vitu vya watu, na mwezi ule alikuwa na oda mbili.

Nilikwenda karakana kwake na ile mitungi mitatu kwenye kikapu. Tulisalimiana, tukaulizana ya nyumbani, tukazungumza bei ya mbao. Nikamwekea mitungi juu ya benchi, nikamwambia kila mmoja una nini. Aliutazama wa tatu muda mrefu. Akafungua mfuniko, akanusa.

"Hii ni ile silikoni," akasema. "Siku ile ilinipanda puani, nikamwambia kijana wangu inanuka kama achari."

Nikamwambia ni silikoni, na gundi, na mbao yenyewe.

"Mbao inatoa jasho, hilo nalijua. Sikujua jasho lake lina meno." Kisha: "Kwa hiyo ni mimi, mwalimu."

Nilimjibu kwamba nilikuwepo siku ile, ninafundisha kemia, na nililisifu kwa kuzibwa kwake. Kama kuna aliyepaswa kujua ni mimi. Hakujibu. Alirudisha mfuniko, akaufunga kwa nguvu, akaniuliza kitu gani hakitoi jasho. Kioo, nikamwambia. Bati. Ile plastiki ngumu ya vyombo vya chakula. Na zaidi ya yote, hewa inayopita.

Tulivyowatibu

Unga ule ni risasi ambayo mwili unaipokea kwa urahisi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi, akili zao kwanza. Nyumba ile ina mtoto wa miaka mitatu. Kwa hiyo kabla ya kumgusa kinyago hata mmoja tulifuta sakafu, meza na ukuta kwa matambara ya maji, tukayatupa matambara yenyewe ndani ya mfuko uliofungwa. Hatukufagia, maana ufagio unaurusha unga hewani. Mama alitaka lile sanduku abaki nalo la kuwekea viungo vya pilau, nikamsihi sana asifanye hivyo, na alinielewa.

Kazi yenyewe tuliifanya uani, mimi na kijana, tukiwa na glavu na barakoa. Tulipiga picha kwanza, juu na chini. Tulimchomoa kila mmoja kwenye kibao kwa wembe mwembamba. Unga tuliutoa ukiwa umelowa, kwa mswaki laini wa mtoto, ndani ya bakuli la maji ya bomba. Maji ya mvua ya kwenye tangi niliyakataa: ni laini, hayana chokaa, na maji laini huila risasi polepole. Hata ya bomba hatukumloweka mtu. Chovya, piga mswaki, toa, futa, weka kivulini kwenye upepo. Maji machafu tuliyaacha yatulie kwenye chupa, tukaifunga. Siku ya pili, wakiwa wamekauka kabisa, tuliwapaka vanishi nyembamba ya akriliki pale tu ambapo chuma kilikuwa uchi.

Kile kijivu cha wale wa kopo hatukukigusa. Ni ngozi yao, ndiyo inayowalinda. Anayeking'arisha anakivua kinyago nguo.

Hasara moja haikutibika. Viwanda vingi vya Uingereza viliandika herufi na namba chini ya kitako cha kinyago, na mkusanyaji huzisoma kama mtu anavyosoma muhuri. Kwa kuwa vitako ndivyo vilivyokaa juu ya gundi na plaiwudi, vimeliwa kwanza. Katika wale 24, waliobaki na herufi zinazosomeka ni wanne.

Kijana alikuwa na shauri jingine. Alikuwa ameona kwenye simu kwamba vinyago hivi vinauzwa nje, na kwamba wengi huvuliwa rangi ya zamani ili vipakwe upya. "Tuwavue wote, mwalimu, tuwapake vizuri, wawe kama wapya." Alisema kwa shauku, si kwa tamaa, na kweli rangi za babu yake si za kitaalamu. Nilimketisha nikamwonyesha mambo mawili.

La kwanza ni kwamba rangi hiyo ndiyo iliyowaokoa. Palipopakwa unene, ngao za pembe sita, deraya, matako ya farasi, asidi ilichelewa kufika. Paliposahauliwa, ndipo ilipoingilia.

La pili ni ile seruji. Farasi wa mzee wamechongewa seruji bapa, kama mto. Wachongaji wa miaka ya 1970 walikuwa na makaburi ya mawe ya askari wa Kirumi ya Ujerumani na Uingereza ya kuangalia, lakini namna seruji ile ilivyojengwa ilikuja kueleweka vizuri miaka ya 1980, Peter Connolly, Mwingereza mtafiti wa majeshi ya kale, alipoiunda upya kwa kufuata mabaki ya ngozi yaliyofukuliwa. Vinyago vilivyochongwa baadaye vina zile pembe nne wazi. Hivi vya mzee vinaonyesha watu walijua nini mwaka 1974, na rangi yake inaonyesha baharia mmoja wa Mikindani alijua nini, kwa vitabu alivyoazima bandarini. Ukivivua na kuvipaka upya unapata vinyago safi vya Kirumi, ambavyo viko maelfu. Hivi viko 35.

Kijana alifikiri, akauliza kama anaweza kupaka wale 11 wa kopo ambao babu hakuwahi kuwapaka. Nikamwambia hilo amwombe babu. Nasikia ameshaanza na wawili.

Wale sita waliokwisha hatukuwatupa wala hatukuwayeyusha. Wamo ndani ya mtungi wa kioo uliofungwa, mbali na mtoto, pamoja na ule unga wao.

Wiki iliyofuata fundi seremala alikuja na kitu amekifunga kwenye kanga kuukuu. Ilikuwa rafu ya bati, amekwenda kwa fundi bati wa sokoni wakaikunja pamoja, kingo zimelainishwa zisimkate mzee, mbele wazi, nyuma imetobolewa matundu ya hewa kwa mistari. Hakuna mbao, hakuna gundi. Kila kinyago kimekaa juu ya kipande cha kioo. Tuliitundika juu, mtoto asipofikia.

Mzee aliomba kiti asimame juu yake. Tukamkatalia, tukaishusha rafu mapajani mwake. Alipitisha vidole taratibu, mmoja mmoja, akitaja kila mmoja alimnunua safari gani. Alifika 35 akasimama. Akarudi mwanzo wa mstari wa pili, akapapasa pengo.

"Mbeba bendera yuko wapi?"

Nikamwambia yumo kwenye mtungi.

Akatikisa kichwa mara moja, akamrudishia mjukuu rafu. Kisha akaomba maji anawe mikono.